Macho ya Mwanaidi Yaliyokataa Kushuka

Mjukuu wangu Nasra,

Nakusalimu wewe, mumeo na kibinti chenu. Huku Bagamoyo tu wazima, babu yako kikohozi kimempungua. Barua yako nimeisoma polepole, mara mbili. Unasema daktari anauliza kama kwenye ukoo wetu alikuwapo mtu ambaye macho yake hayashuki chini, kama ya mwanao.

Alikuwapo. Dada yangu Mwanaidi.

Kwetu msichana akimwamkia mkubwa huangusha macho. Mwanaidi akisema shikamoo, anakukazia macho. Mama humfinya, "Macho chini, we mjeuri." Naye hujibu, "Mama, yamegoma," tukacheka. Kwenye ngazi alipapasa kwa mguu kama kipofu, na mbele akiona vizuri.

Siku moja uani nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nikamwambia, "Tazama miguu yangu." Akajitahidi mpaka kope zikatetemeka. Macho yalibaki usoni pangu, nikahisi kama kuna mtu ndani yake ameyashika. Nikamwachia, nikakimbia. Watu wazima wakasema ni jini, akafukizwa ubani. Baadaye maneno yakawa mazito mdomoni, kisha miguu ikalegea, na umri wa kuolewa hakuufikia.

Tulinyamaza, tukiogopa binti zetu watakosa wachumba. Sasa huko kunyamaza ndiko kunanitia hofu. Mwambie daktari yote, usione haya, na jina la dada yangu mtajie.

Na mwanao akikuamkia huku amekutazama usoni, mwitikie marahaba.

Ni mimi bibi yako.