Kicheko pale kaburini

Jumapili, Jadida

Hasira hazijanitoka. Katika kitabu cha katuni, shujaa anasimama mbele ya kaburi la babake, na ukurasa mzima hauna neno. Filamu iliyotokana na kitabu hicho nayo imepaacha kimya. Lakini kwenye banda la video tumeonyeshwa ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri wetu, anayetia sauti yake juu ya picha, hajui kunyamaza. Akamtilia shujaa maneno: "Baba, amka, chai inapoa!"

Banda zima likaangua kicheko.

Tulipotoka, rafiki yangu Hamad akasema, "Pale kaburini ndipo patamu. Kwengine kote pamepooza." Wenziwe wakaitikia. Patamu! Na shujaa mwenyewe hakufungua mdomo!

Siku tuliyomzika babangu, mimi nami sikuweza kusema kitu. Hamad alinishika mkono, akanyamaza nami. Hakunambia chai inapoa.