Ncha Mbili za Mwanzi

Malolo, Ruangwa
3 Juni 2024

Mwanangu Rukaiya,

Hujambo huko Mtwara? Hapa wazima, ufuta tumevuna. Tatizo ni macho yangu tu. Mwezi ujao madaktari wanakuja Nachingwea kutoa mtoto wa jicho. Mimi siendi. Kaka yako Bakary bado yuko Msumbiji. Aliyebaki nyumbani ni mkewe, Mwanawetu. Nimshike mkono mkamwana wangu pale stendi, watu wakitazama? Njoo wewe.

Anayeniandikia ni yeye Mwanawetu. Anasema hana neno. Mimi ninalo.

Baba yako

Mtwara
12 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Pole na macho. Ruhusa nimeomba, nimenyimwa mpaka Agosti. Huku kazini tunazamia kila siku kuangalia samaki.

Yupo mmoja, hafiki urefu wa kidole, anaishi chini kabisa, mchangani. Shimo analolala halichimbi yeye. Linachimbwa na kamba mdogo wa baharini, mwenye ndevu ndefu, ambaye haoni vizuri. Kamba akitoka kumwaga mchanga, ncha ya udevu wake haimwachi samaki. Samaki anamlindia. Akiona hatari anatikisa mkia, wanaingia ndani wote.

Hawashikani, Baba. Ni ndevu tu.

Wifi, hapo msomee mara mbili.

Binti yako

Nachingwea
9 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe.

Barua yako Mwanawetu aliisoma mara tatu. Asubuhi akaja na mwanzi. "Baba, shika huku." Yeye akashika ncha ya mbele. Kukiwa na shimo anautikisa mara moja. Bodaboda, mara mbili. Stendi ya Ruangwa mtani wangu Selestini akapiga kelele: "Mzee Shaban! Leo mbuzi unapelekwa mnadani?" Nikamwambia, "Mimi kamba. Waulize wanaojua bahari."

Jana wamenifungua bandeji. Kitu cha kwanza kukiona ni mkono wa Mwanawetu kwenye mwanzi, vidole vimetoka malengelenge. Njia nzima nilikuwa nauvuta kwa woga, na hakusema.

Nikamwambia, "Mama, sasa naona. Weka chini."

Akasema, "Anza wewe, Baba."

Tumefika sokoni hivyo hivyo, kumnunulia kanga.

Baba yako