Kilo Moja ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Kikao kingine cha kamati, ugomvi uleule: droni ni ya nani? Watu wa anga: inaruka, ni yetu. Watu wa barabara: inabeba mizigo, ni yetu. Mawasiliano: bila mitambo yetu haiendi popote. Mama wa Afya yeye anataka dawa zivuke mto tu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sisi tunao wanne! Na mimi katibu naandika "ilijadiliwa".

Daraja lilichukuliwa na mafuriko. Mume wangu yuko ng'ambo ya mto, daktari peke yake kituo kizima. Alikwenda kwa wiki mbili — huu ni mwezi wake wa nne huko. Simu inashika akipanda kilimani tu, na wagonjwa hawampi nafasi ya kupanda. Nimemkumbuka mpaka naona aibu kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Afadhali! Safari moja ya majaribio imekubaliwa. Ikifaulu, dawa zitavuka kila siku. Lakini Bwana Pingamizi, mhandisi wa anga (jina nimempa mimi, sasa hata Mwenyekiti analitumia), ana sharti: sanduku liende na kilo moja kamili, limepigwa lakiri, lirudi vilevile. Likipungua, majaribio yameanguka.

Kilo ya nini? Dawa hapana, hazina kibali. Mchanga? Mama wa Afya kakataa, sanduku lake la dawa halitiwi mchanga. Maji? Yatavuja. Saa nzima! Mwisho Mwenyekiti kachoka: tieni nguo. Katibu atafute nguo safi, kilo moja.

Katibu ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepima kwenye mizani ya jikoni. Sweta la kijivu la mume wangu — huko aliko baridi kali na alilisahau. Shati lake. Taulo. Bado. Nikaongeza kitambaa changu cha kichwa, kile cha njano, nililala nacho jana. Kilo kamili!

Wifi akanikuta nakunja. Eti huu mzigo wa serikali au namtega kaka yake? Nikamwambia hataona kitu, haruhusiwi kufungua. Akacheka: kumbe unampelekea mwenye njaa chungu kilichofungwa.

Kweli. Yeye ndiye mpokeaji wa upande ule. Atalishika sanduku, atabadilisha betri, atalirudisha. Natamani ajue. Natamani asijue. Moyo hauna adabu.

Jumanne, 11 Machi

Amepiga! Nikamsomea sharti neno kwa neno, kazi ni kazi. Ameelewa. Kisha akauliza: nguo za nani? Kabla sijajibu, simu ikakatika.

Sauti yake imekonda.

Ijumaa, 14 Machi

Imekwenda, imerudi! Tulipiga makofi uwanjani kama watoto, Bwana Pingamizi naye. Kisha akaligeuza sanduku. Lakiri imekatwa. Mahali pake plasta ya jeraha, imebandikwa kwa unadhifu kabisa. Mizani ikasema pungufu. Tukafungua mbele ya wote. Shati limo. Taulo limo. Sweta limo.

Kitambaa hakimo.

Bwana Pingamizi: nini kimepungua, na nani kakata? Mama wa Afya akamsihi, watu kule wanaumwa. Mtu wa barabara akasema mkikosa uaminifu kwa nguo, kwa dawa itakuwaje? Mwenyekiti akanitazama, akanitazama tena. Twendeni chai, akasema. Tukirudi, katibu atatusomea.

Nimebaki na sanduku. Nikiandika ukweli, njia inafungwa, mvua zinaanza, wagonjwa wanangoja na yeye anangoja nao. Nikiandika uongo, kwamba nilipima vibaya na lakiri ilikatika njiani, muhtasari wa serikali una uongo wangu. Ningekuwa karibu ningemgombeza! Mtu mzima, daktari, sharti nilimsomea mwenyewe!

Nimelinusa sweta. Linanuka sabuni ya nyumbani tu. Hakulivaa hata kidogo. Kwenye baridi yote ile, kaacha sweta kachukua kitambaa. Nacheka peke yangu, machozi yananitoka, na vikombe vinasikika vikirudishwa mezani.

Nimeandika "Kilichopungua ni" na hapo kalamu imegoma. Bwana Pingamizi yuko mlangoni, anauliza kama niko tayari.