Springi Iliyochoka

Baba,

Bado nakuita hivyo, hata kwa maandishi. Nikiwa darasa la tatu niliandika katika insha ya Kiswahili, "Baba yangu anapika uji, jana alijifungua mtoto msichana," na mwalimu, ambaye hakuwa Mgusii, akanichapa viboko viwili mbele ya wenzangu. Hakujua kwamba katika lugha yetu baba ni yule mwanamke aliyetuzaa, na kwamba mama lilikuwa neno la shuleni tu. Nilikuja nyumbani nikilia, nawe ukacheka mpaka ukaketi chini. Siku hiyo niliapa sitakosea tena maishani, na nadhani hapo ndipo nilipoharibika.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kando ya migomba, ubavuni mwa Kerubo. Ng'ombe wako mwekundu alikataa kukamwa na mke wangu hadi alipovaa leso yako. Chai inachumwa. Lakini sikuandikii habari za ng'ombe wala chai. Nakuandikia kwa sababu ya gramofoni.

Unakumbuka padre alivyokuachia hiyo alipohama misheni, kwa miaka yote uliyomfulia kanzu zake. Mashine ya kukoroga kwa hendeli, na santuri moja tu. Jalada lilisema ni sonata ya watatu: fidla mbili juu, na fidla kubwa yenye sauti nzito chini yao. Mimi nikabisha kwamba nasikia wanne, kwa kuwa kulikuwa na kinanda kinachogongagonga nyuma. Ukasema, "Hizo ni sufuria zangu." Mwaka huo surua ilikuwa imemchukua Kerubo, yule mtoto wa insha yangu, akiwa na miaka sita. Ukaamua kwamba zile fidla mbili ni yeye na mimi. "Mmoja anasema, mwingine anamrudia, kama mlivyokuwa mkienda mtoni. Na huyu wa chini ni mimi, nalima."

Springi ilikuwa imechoka tangu tulipoipokea, hivyo wimbo ulijikokota. Kila Jumapili baada ya misa ulikaa kwenye kigoda, ukalia kwa upande mmoja wa santuri, ukafuta uso na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mahali pengine popote hukumlilia Kerubo. Wajane wenzako walisema una moyo mgumu.

Kisha nikasomea ualimu, nikajua noti. Nikasoma lebo: ufunguo wa D, na neno la Kitaliano ambalo maana yake ni kwa wepesi, kwa furaha. Nikajaribu kwenye kinanda cha kanisa, nikakuta santuri yetu, kwa kuzunguka polepole, inalia kwenye noti ya B, chini kabisa ya mahali pake. Nilikuambia, Baba, kwa sauti ya mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu. Nilikuambia kwamba huo si wimbo wa msiba. Ukajibu, "Wacha ulie unavyolia." Sikuacha.

Ulipolala usiweze kuinuka, niliona nikuletee zawadi. Fundi wa saa kule Kisii mjini akatia springi mpya. Alasiri ile niliikoroga hadi mwisho, nikaiweka karibu na kitanda chako, na wimbo ukaruka. Fidla zilikuwa nyembamba, zinafukuzana kama watu wa arusini. Ulisikiliza upande wote. Halafu ukauliza, "Wanacheza vizuri. Ni watoto wa nani?"

Nikasema ni wale wale, Baba, ila sasa wako sawa.

"Kerubo hakuwahi kukimbia hivyo," ukasema, ukageukia ukuta. Hukuomba ipigwe tena. Siku ya nne ulikufa.

Nilikunyang'anya mtoto wako kwenye kitanda chako cha mwisho, na nilifanya hivyo nikitabasamu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja, alizaliwa siku hiyo hiyo. Nilirudi kwa fundi kuitafuta springi ya zamani, akanicheka, alikwisha kuitupa. Nikajaribu kuizuia santuri kwa kidole, ikanguruma tu.

Jumapili iliyopita niliikoroga kidogo tu, nikauacha wimbo uende hivyo hivyo. Ulianza na ile furaha yake. Katikati ukaanza kuchoka. Ukashuka, ukashuka, na mahali fulani, kwa mizunguko michache, ukapita kwenye B. Baba, mlikuwa hapo. Kerubo akasema, nami nikarudia, nawe ulikuwa chini yetu unalima, na sufuria zako zinagonga. Kisha zikawa sauti za kina zisizo za mtu, na santuri ikasimama.

Mkono wangu ulikuwa kwenye hendeli. Ningeikoroga, mngeruka tena juu, mkawa watoto wa watu. Niliuondoa mkono.

Basi nakuahidi hivi. Sitaikoroga tena hadi mwisho. Kila Jumapili baada ya misa nitakaa kwenye kigoda chako, niungoje wimbo uchoke, nikutane nanyi kwa muda huo mfupi, na wimbo unapokufa nitauacha ufe.

Lala, Baba. Mwambie Kerubo aendelee kusema mbele. Mimi niko nyuma, namrudia.

Mwanao,
Mokaya