Redio ya Bwana Mshamu

Jumatano, Machi 1979

Yaani Bwana Mshamu ana macho makavu!

Juzi kwenye kikao cha nyumba kumi niliwaomba majirani sahihi zao kwa ajili ya fundi redio wetu, Musoke, Mganda wa watu aliyekamatwa vita na Uganda vilipoanza. Apelekwe mbele ya jaji tu, serikali iseme kosa lake. Mshamu akasimama: "Mgeni wakati wa vita hana jaji!" Watu wakapiga makofi. Sahihi sikupata hata moja.

Leo asubuhi huyo huyo kaja kwenye chumba changu cha kupiga chapa, kofia mkononi. Kumbe polisi walipomchukua fundi walizoa na redio zote za wateja, na yake imo.

"Mama Neema, niandikie barua. Waseme redio yangu ina kosa gani. Kama hawana la kusema, waiachie. Haiwezi kufungiwa hivi hivi tu!"

Redio, jamani! Redio mbovu inaulizwa kosa lake, mtu mwenye mke na watoto haulizwi.

Nilimpigia barua yake, akaondoka anashukuru.

Naogopa, sitaficha humu daftarini. Polisi wanaweza kunijia na mimi. Lakini nimeweka karatasi nyingine kwenye mashine nikairudia barua ile ile, ila kila palipokuwa na redio nimeandika Musoke, na "waiachie" ikawa "wamwachie". Kesho naipeleka mahakamani kwa sahihi yangu peke yangu.

Kingine sikuwa na haja ya kubadilisha.