Mjomba Wenu Amekubali Kusaini

Baba watoto na wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkubwa awapigie wadogo zake pasi. Mlango wa nyuma ufungwe kwa ufunguo, si kurudishiwa tu.

Natoka mbio kwa sababu mjomba wenu amekubali kusaini! Tangu babu yenu afariki bila wosia, kaka yangu huyu ameng'ang'ania kwamba duka la ushonaji ni la mtoto wa kiume, nami niliyeshona humo miaka kumi na miwili nikae kando. Basi wiki hii kalifungua peke yake. Alfajiri kagonga hapa na suruali ya bwana harusi. Naikunjua, miguu yote miwili ni ya kushoto! Alikata kitambaa bila kukigeuza. Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Cheka, mdogo wangu, ila ukimaliza uniokoe. Harusi ni kesho."

Nikamwambia sishiki sindano kabla yeye hajashika kalamu. Duka ni nusu kwa nusu, na fundi mkuu ni mimi.

"Nani kakufundisha ukorofi huu?"

"Aliyenifundisha kukata suruali. Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

Kacheka mwenyewe. Sasa yuko mlangoni anavaa viatu, na mkono wake siuachii mpaka mahakamani.

~~Mchana msinisubiri, kuleni.~~ Mchana njooni wote dukani, na chakula mje nacho. Nataka mnikute kwenye cherehani ya baba yangu, nikishona bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama yenu