Sigara ya Tatu

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, na uwani bado pana madimbwi. Sijala kitu. Sina hamu.

Leo mchana tulikuwa na darasa la wenye maduka kwenye ofisi ya tawi la chama. Wiki tatu nzima nimezunguka Kariakoo duka kwa duka, mimi mwalimu wa elimu ya watu wazima, nikiwaomba wasiwauzie watoto sigara. Walikuja kumi na mmoja. Nilifurahi kupita kiasi. Mtu anayeishi peke yake hufurahi hata akiona viti vimejaa.

Niliwaambia kifua cha mtoto bado kinakua, na kwamba sigara ya kuonja ndiyo huita ya pili. Mama Zuhura, mwenye genge, akaguna: "Nikimnyima mimi, si atakwenda kwa jirani?" Nikamwambia ndiyo maana nimewaita na majirani. Wakacheka, wakakubali.

Ndipo Bwana Jayanti, mwenye duka la kwenye kona ya mtaa wetu, akanyoosha mkono. "Ndugu Mwalimu, mtoto akisema katumwa na mkubwa, nifanyeje?"

"Usimpe," nikajibu upesi. "Mkubwa aje mwenyewe."

Alinitazama kidogo, kisha akainamisha macho.

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi navuta. Nilianza mwaka jana, mume wangu alipohamishiwa Tabora na barua zake zikakoma. Sigara mbili kila jioni, mlango nimeufunga. Na kwa kuwa naona haya kuonekana nikinunua, humtuma Rehema, binti wa mwenye nyumba. Ana miaka kumi na mitatu. Chenji namwachia anunue ubuyu.

Nimewafundisha watu wazima kumi na mmoja wasikubali kile ninachokifanya kila siku.

Bwana Jayanti alisubiri wenzake waondoke. Nilidhani atanisuta. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Sikutaka kusema mbele za watu, Mwalimu. Yule Rehema huchukua tatu. Anasema zote ni zako."

Mimi sijawahi kupokea tatu.

Nilirudi nyumbani nikikanyaga matope bila kuyaona. Rehema alikuwa uwani anaosha vyombo. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikia. Nikachuchumaa karibu yake, nikamuuliza sigara ya tatu huwa inakwenda wapi. Hakukana. Alisugua sufuria ileile kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nakusikia unalia," akasema. "Halafu ukivuta, unanyamaza. Nikadhani ni dawa, nikajaribu."



Huyu mtoto ndiye mtu pekee anayeingia chumbani kwangu. Huja na daftari zake, hukaa mkekani, hunisimulia ya shuleni hadi mama yake amwite. Nakiri kwamba nilifikiri kumwambia, "Liwe letu sisi wawili, usirudie tena." Angenitii. Na kesho angekuja kama kawaida.

Lakini ningekuwa nimemfundisha kuficha, na kuvuta nimeshamfundisha.

Nikamfuata mama yake, Bi Mwanaidi, jikoni. Alikuwa anachoma vitumbua. Nilimweleza yote, kuanzia yangu, ndipo nikafika ya mwanawe. Aliepua kikaango, nami nikatamani anitukane.

"Nilikuwa namshukuru Mungu mwanangu anaingia kwako," akasema. "Asiingie tena."

Rehema alikuja kuchukua daftari zake akiwa amejiinamia. Alizikusanya zote, hata ile iliyokwisha.

Jioni nilikwenda mwenyewe dukani kwa Bwana Jayanti. Sikwenda kununua. Nilimwomba anisaidie kuwaita wenzake tena, Alhamisi.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba yule mtoto aliyetumwa, mimi ndiye niliyemtuma."

Alipangapanga maboksi ya kiberiti yasiyohitaji kupangwa. "Watakucheka, Mwalimu."

"Najua."

"Basi mimi nitakaa kiti cha mbele," akasema, kisha akageuka kumhudumia mteja.

Sasa adhana ya magharibi imekwisha na siwezi kutulia. Sijui kama ni zile sigara mbili ninazozikosa au ni huyu mtoto. Nimeufungua mlango. Watu wanapita uwani, hakuna anayechungulia.

Alhamisi nitasimama mbele yao niseme, hata sauti ikinikatika. Hilo siliogopi sana.

Naogopa Jumatano. Ni siku nzima, na sina wa kuongea naye.